Mama Hakukosa Pa Kulala

Siku tulipomzika Susu, mama yake mama, jua liliwaka kweli kweli, na zile hema za kukodi zikaanza kutoa harufu. Kama umekaa mazishi ya huku kwetu Machakos unaijua. Turubai ikishika moto inanuka mpira, inanuka vumbi, inanuka mazishi mengine yote iliyopitia. Watu walijipepea na karatasi za ratiba. Mimi nilifunga macho, na nikawa sipo pale tena. Nilikuwa kando ya bwawa, mtoto wa darasa la pili, nimelala chali ndani ya hema ya mama, natazama kivuli cha matawi kikitembea juu ya turubai.

Nyuma yangu alikuwa ameketi Muthama, mtoto wa mjomba. Alimwonyesha mke wake mama yangu, akasema, na hakupunguza sauti sana, "Huyu shangazi alikuwa akija hapa Krismasi analala huko msituni na watoto, kama mtu amefukuzwa. Alikosa pa kulala kwao kabisa." Mke wake akacheka kidogo, mkono mdomoni.

Sikugeuka. Mazishini mtu hageuki kugombana. Lakini maneno yale yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu siku hiyo, na nimeona bora niyatoe kwa kuandika. Mimi si mtu wa kuandika. Nilifika darasa la nane nikaachia hapo, na ninachoandika jioni ni mambo ya mvua, kuku na nani alipita kutusalimu. Mara nyingi nikisoma nilichoandika jana naona nimekosea, nakata. Wewe wa rika langu uliyekulia huku, ukiona nimekosea sema. Lakini neno moja sitalikata hata nikisahihishwa na nani: mama hakukosa pa kulala.

Wacha nianze na mbuzi, kwa sababu bila mbuzi hutaelewa.

Kwetu Ukambani kuna ntheo. Ni mbuzi ambao mwanaume anapeleka kwa wazazi wa msichana, na mpaka wafike, huyo msichana anahesabiwa hajaolewa, hata kama ana watoto wanaokwenda shule. Kwao yeye ni mgeni wa mchana. Atakuja, atateka maji, atapika, atapalilia, atakula na ndugu zake, lakini usiku hawezi kulala boma la baba yake. Siku hizi maboma mengi hayafuati sana. Boma la babu huko Ndithini lilifuata.

Baba yangu ni Mluhya. Alikuwa dereva wa lori Athi River, anabeba simiti. Alipoenda kujionyesha kwa wazazi wa mama alipeleka ng'ombe na ndama wake, kwa sababu kwao ng'ombe ndiye anayeongea. Babu alipokea ng'ombe, akashukuru vizuri, akamsifu mpaka pembe, halafu akauliza, "Na mbuzi?" Baba alidhani ni mzaha wa wakwe, akacheka. Babu hakuwa anacheka. Baba alidhani kikubwa kinameza kidogo, kwamba ukishaleta ng'ombe mbuzi wako ndani yake. Kwa babu ng'ombe ni ng'ombe na ntheo ni ntheo, na mtu anayecheka ukimuuliza ntheo amekudharau.

Nimewafikiria hawa watu wawili miaka mingi na sitaki kumwonea hata mmoja. Babu hakutunga ile sheria. Dada zake mwenyewe waliifuata wakiwa na watoto mgongoni, na kama angemlegezea binti yake, wazee wa ukoo wangemuuliza dada zake walikosa nini. Baba naye hakuwa mchoyo. Hatukuwahi kwenda shule bila viatu. Ni vile alisikia kuulizwa mbuzi baada ya ng'ombe ni kama kuambiwa ng'ombe wako hakuonekana. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na katikati ya hizo haki mbili ndipo mama alikuwa amesimama bila kitanda.

Wanawake wa pale Ndithini walimpa mama akili. Alikuwa anashona suruali kule viwanda vya EPZ, alikuwa na mshahara wake. "Nunua mbuzi wewe mwenyewe," wakamwambia. "Mtilie bwana yako kamba mkononi, apeleke. Nani atajua?"

Mama akasema, "Mimi nitajua. Sitajinunua."

Sasa, chini ya boma la Susu kuna kijito. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, unachimba kwa mkono upate maji, lakini ukikifuata kinakushusha mpaka bwawani, na pale bwawani kuna kambi. Wakati wa likizo watu wa Nairobi huja na familia zao, wanapiga hema chini ya migunga, wanachoma nyama, wanatazama viboko wakipiga miayo. Mama alipokuwa msichana alikuwa akipeleka kuni pale. Akaona jambo moja ambalo alilikumbuka baadaye: wanawake wazima wamelala kwenye nyasi, na hakuna anayewauliza ni wake za nani wala kwao ni wapi.

Aliniambia nikiwa mkubwa. "Ukilala nje ya boma ya baba yako ni aibu. Ukilala pale chini, wewe ni mtalii. Ni mchanga uleule."

Basi akachukua turubai ya lori la baba iliyokuwa imechanika, akashona hema. Cherehani haikuweza, sindano zilikatika, kwa hivyo alishona kwa mkono na ile sindano ya magunia. Hema yetu ilikuwa ya kijani kibichi kilichopauka, nzito kama mlango wa chuma, na hata baada ya kuoshwa ilibaki na simiti kwenye nyuzi. Mvua ikinyesha maji ya kwanza yalianguka pembeni yakiwa kijivu. Asubuhi jua likiigonga ilinuka lori. Mpaka leo lori la simiti likinipita barabarani nahisi kama ni Krismasi.

Hema za watu wa Nairobi zilikuwa za bluu na za rangi ya machungwa, nyembamba, zinasimama zenyewe kama uyoga. Yetu ilisimama kwa nguzo mbili za mti na kamba za kufungia mizigo. Na mimi, nisikilize vizuri, niliona yetu ndiyo nzuri. Niliona wale wengine wamekuja na miavuli.

Hivi ndivyo nilivyoelewa mambo wakati huo. Watu wako aina mbili, watu wa nyumba na watu wa kambi. Watu wa kambi ni wale ambao wameendelea. Wanatoka mbali, wanakuja na sufuria zao, wanachagua mti. Sisi tulikuwa watu wa kambi. Binamu zangu, maskini, walikuwa watu wa nyumba, wanalala humo kila siku na kuku chini ya kitanda.

Muthama alijaribu kuniambia ukweli mapema. Tulikuwa tunachimba maji kwenye mchanga, akasema, "Nyinyi mmekatazwa kulala kwa nyumba."

"Nyinyi ndio mmekatazwa kulala kambi," nikamwambia.

Akawaza. Nilimwona akiwaza. Kesho yake akanivuta kando akauliza kama anaweza kuja kuona ndani. Nikamwambia ataingia akishanawa miguu. Alinawa, akaja, akaketi katikati ya hema mikono kwenye magoti kama mtu aliye kanisani. Kwa hivyo hata yeye anajua. Sisemi hivi kumuaibisha. Alikuwa mtoto, na pia nadhani watu wazima walimfundisha kusahau.

Mlinzi wa kambi aliitwa Kilonzo, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Alikuwa na filimbi, na mtoto akikaribia maji aliipuliza mpaka masikio yanauma, kwa sababu ya mamba. Pale hakuna aliyeitwa kwa jina. Uliitwa kwa mti wako. Kulikuwa na watu wa mgunga mkubwa, watu wa mgunga wa mwisho, na sisi tulikuwa watu wa mkwaju. "Watu wa mkwaju, mmeamkaje," angesema, na mimi ningejibu kwa sauti kubwa kuliko ya mama, ili wale wa miavuli wasikie.

Asubuhi tulipanda kijito kwenda kwa Susu. Mama alibeba nguo za kazi kwenye mfuko, mimi nikamshika ndugu yangu mdogo, Wafula, asikanyage miiba. Mchana kutwa mama alifanya kazi kwao kama mtu aliyeajiriwa. Alipalilia, akatwanga mahindi ya muthokoi, akakandika kuta. Susu alimfuata kila pahali anapoenda. Kama mama yuko kwa mahindi, Susu amepata kitu cha kufanya kwa mahindi. Hawakuongea sana. Mmoja angesema, "Hii kunde imekauka," na mwingine angesema, "Imekauka," na wote wangeonekana wamefurahi.

Halafu jioni babu angetoka kwenye kivuli chake, angetazama kilima, angesema, "Jua linaenda."

Mimi nilidhani anatuhimiza tusichelewe kambi. Wallahi nilimpenda kwa hilo. Nilidhani babu ndiye peke yake anayeelewa umuhimu wa kambi yetu, kwamba giza likituchelewesha wengine watachukua mkwaju wetu. Akisema vile nilikuwa wa kwanza kusimama. "Mama, twende, babu amesema." Mama alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Susu alikuwa anachagua maharagwe wakati huo, na hakuinua uso. Nilidhani maharagwe yake ni mabaya sana.

Sikumbuki ni mwaka wetu wa tatu au wa nne wa kambi, na sitaki kudanganya. Najua Wafula alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Jioni ilifika, babu akatoka kwenye kivuli, akasema neno lake, nami nikasimama. Na Susu akasimama.

Aliweka ungo wa maharagwe juu ya kinu. Akaingia ndani. Akatoka na blanketi yake begani, kiondo mkononi, na viatu vya kanisani miguuni.

Babu akamuuliza, "Unaenda wapi?"

"Kambi."

"Kambi gani?"

"Kwani kuna ngapi?"

Babu akamtazama mama kama vile mama ndiye amesema. Mama alikuwa amesimama na mfuko wa nguo, hajasogea. Nadhani hakujua. Nimemuuliza mara nyingi, amesema hakujua.

"Wewe ni mwenye boma," babu akasema. "Unatoka boma yako uende kulala kwa nani?"

"Kwa binti yangu. Iko na nyumba."

"Ile ni turubai."

"Iko na mlango. Nimeuona."

"Na chakula yangu?"

"Muthokoi iko kwa sufuria, kuni iko hapo. Mkono uko nao." Akafunga blanketi vizuri begani. "Wewe ulisema Nduku asilale kwangu. Nimekubali, sijabishana. Hakuna mtu alisema mimi nisilale kwa Nduku."

Babu alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni akijua ufunguo uko. Alikuwa anajua desturi zote, huyo mzee, watu walitoka mbali kuja kumuuliza. Hakupata. Hakuna aliyewahi kuweka sheria ya mama kumfuata binti, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria atafuata.

Tukashuka kijito. Susu mbele, na viatu vya kanisani kwenye mchanga.

Kambini alitembelea kila mti kabla ya kuketi. Chini ya mgunga mkubwa kulikuwa na baba mmoja wa Nairobi anayejaza godoro upepo kwa mguu, jasho linamtoka. Susu alimtazama kwa muda.

"Mwanangu, nyumba yenu iliungua?"

"Hapana, shosho. Tumekuja tu kupumzika."

"Kupumzika na nini?"

"Kelele. Kelele za mjini."

Watoto wake walikuwa wanafukuzana kuzunguka gari wakipiga mayowe. Susu akawatazama, akamtazama. "Na hawa mmekuja nao."

"Eeh, hawa tumekuja nao."

"Basi kelele mmekuja nayo." Yule mtu alicheka mpaka akaketi kwenye godoro, na upepo wote ukatoka.

Kilonzo ndiye hakucheka. Alikuja na koti lake, akamsalimu Susu kwa heshima kabisa, mikono nyuma, akamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, hapa wenyeji hawalali. Unajua hiyo. Ni sheria ya kambi. Nikianza kulaza watu wa hapa, kesho kutwa mahali pote patajaa mbuzi."

"Umeniona na mbuzi?"

"Sijakuona."

"Kilonzo, kungekuwa na mbuzi, huyu angelala kwangu."

Kilonzo ni Mkamba. Hukuhitaji kumwongezea. Alitazama chini, akaichezea filimbi yake, akamgeukia mama. "Watu wa mkwaju ni wangapi leo?"

"Tuko wanne," mama akasema. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Haya. Wanne." Akaenda zake.

Ya usiku siyajui. Nililala nikiwa bado natafuna. Ninachojua ni asubuhi. Niliamka hema imeshika moto, jua liko juu, na mama na Susu bado wamelala. Hao watu wawili ambao huamka kabla ya jogoo. Walikuwa wameelekeana. Mama alikuwa amekunja magoti kama mtoto, na mkono wa Susu ulikuwa umemshika kitambaa cha kichwa, kama mtu aliyeshika kitu kisipeperushwe. Nilimtikisa Wafula nikamwambia kwa sikio, "Mama ni mgonjwa. Bado amelala." Tuliketi pale tukiwalinda wasife.

Kilonzo ndiye aliyewaamsha. Alisimama nje akakohoa. "Watu wa mkwaju. Kuna mzee langoni. Hataki kuingia."

Susu alivaa viatu vyake polepole. Mimi nikamfuata, mama akabaki. Babu alikuwa amesimama upande wa nje wa lango, mikono yote miwili juu ya fimbo, na fulana yake imegeuzwa ndani nje. Naona alivaa gizani.

"Umelala?" akamuuliza.

"Nimelala."

"Watu wataniuliza."

"Waambie bibi yako ameenda kambi. Watu wa Nairobi wanaenda, hakuna mtu anauliza."

"Wewe si mtu wa Nairobi."

"Na Nduku si mtu wa njiani."

 Nakumbuka kiboko alikoroma majini na sisi wote tukageuka kutazama, hata wao, halafu wakatazamana tena. Babu akasema, na hapa ndipo ninapomtetea, kwa sababu alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Hii maneno sikuanzisha mimi."

"Najua. Wala mimi."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Sijakuambia ufanye kitu. Umeniuliza kama nimelala, nimekuambia nimelala."

Alisimama kidogo zaidi, akaniuliza kama nimekunywa chai, nikamwambia bado, akaenda. Nilimuuliza Susu kwa nini Kilonzo amemkataza babu kuingia. Akasema hajakatazwa. Mahali binti yake analala, yeye haingii. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Ni mambo ya mbuzi." Nikatazama huku na huku nione mbuzi.

Siku hiyo ndiyo mama alinieleza, akiwa anaziba tundu la hema na ile sindano ya magunia. Alieleza bila kulia na bila kumsema mtu vibaya. Baba hivi, babu hivi. Mimi ndiye niliyelia. Sikulia kwa sababu ya desturi, kusema ukweli. Nililia kwa sababu nilikuwa nimewaambia watoto wa shule yetu yote kwamba sisi ni watu wa kambi, na kumbe hatukuwa. Nikamwambia hivyo.

Mama akakata uzi na meno. "Nani amekuambia sisi si watu wa kambi?"

"Si tumekosa nyumba."

"Angalia hao." Akaonyesha na sindano. "Hao wako na nyumba na wako hapa. Wewe uko na nyumba Athi River na uko hapa. Kila mtu hapa ametoka mahali kuna kitu hataki. Kama unaona haya, toka ukae juani. Kama huoni, nishikie hii kona."

Nikashika kona.

Tulirudi likizo zilizofuata, na Susu alishuka. Si kila siku, wacha niseme ukweli, kuna siku miguu ilimuuma, na kuna siku alimhurumia babu. Lakini alishuka, na viatu vilevile. Wanawake wengine wa pale walisema amezeeka vibaya. Mmoja alisema hivyo, na mwaka uliofuata nilimwona mwenyewe amekuja kambini kumsalimu binti yake ambaye alikuwa amepiga hema chini ya mgunga wa mwisho. Simtaji. Alikuwa na sababu zake.

Mbuzi walienda nikiwa darasa la saba. Baba hakuambiwa na mtu. Dada yake aliolewa na watu wa kabila lingine, na baba akaona jinsi wale walivyofuata kila neno la Kiluhya bila kuuliza maswali, akarudi akawaza siku kadhaa. Halafu akatafuta mbuzi, akawapakia kwenye lori pamoja na kaka zake. Asubuhi ya kuondoka mama alirusha hema juu ya lori.

"Hema ya nini leo?" baba akamuuliza. "Si leo ndiyo inaisha hii maneno?"

"Ya kulala," mama akasema.

Mbuzi walipokewa. Mmoja alichinjwa, wazee wakala sehemu zao, babu akamshika baba mkono na kumwita mwanangu, na nakuhakikishia baba alitokwa na machozi akasema ni moshi. Jioni kina baba wakaondoka na lori. Ndipo babu akamwita mama mbele ya wajomba wote.

"Nduku. Sasa iko sawa. Kitanda iko tayari. Lala."

Kitanda kilikuwa tayari kweli. Nilikuwa nimeona godoro likianikwa juani tangu asubuhi, na babu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiligeuza.

Mama akapiga goti kidogo. "Asante, baba. Nimesikia." Halafu akaenda ghalani tulipokuwa tumeegemeza nguzo, akaanza kufungua kamba.

"Nimesema lala."

"Nitalala, baba. Si leo."

"Kwa nini si leo?"

"Nikilala leo, mbuzi ndio wamenilaza. Nitakuja siku nyingine nikiwa nimekuja tu. Siku hiyo nitalala."

Wajomba wakatazama chini. Babu uso wake ulianguka, siwezi kuficha. Yule mzee alikuwa amegeuza godoro siku nzima. Mume wangu, nikimsimulia, husema mama alizidisha, kwamba mtu akikufungulia mlango unaingia. Inawezekana. Nimeandika sentensi hii na kuikata mara nyingi, kwa sababu kuna siku nakubaliana naye. Na mama alikuja siku nyingine, wiki ya Pasaka, bila mbuzi na bila sherehe, akalala kwenye kile kitanda mpaka wakamwamsha, na babu akaambia kila mtu aliyepita. Lakini jioni ile ya mbuzi hakulala. Na Muthama alikuwepo, alikuwa amesimama pale pale kando ya ghala na mfupa mkononi, alisikia mama yangu akipewa kitanda na akisema si leo.

Susu alikuwa ametangulia langoni na blanketi.

Babu akakohoa. Akamwendea Wafula, ambaye alikuwa anahangaika na zile nguzo, akamnyang'anya zote mbili, akaziweka begani mwake. Tukashuka hivyo, yeye wa mwisho, nguzo zikigonga matawi. Tukafika pale kijito kinapopinda na bwawa linaonekana. Hapo akasimama, akazichomeka nguzo kwenye mchanga.

"Mimi nafika hapa," akasema. "Huko sitalala."

"Hakuna mtu amekualika," Susu akamwambia, bila kugeuka.

Wafula akachukua nguzo. Babu akaanza kupanda kurudi, na alipofika kwenye miti, mahali alipodhani hatumsikii, tukamsikia anacheka.